Hukumu imetenguliwa kwenye rufaa: niufute uchambuzi wangu?

SWALI: Nafundisha sheria ya kodi chuo kikuu. Huandika uchambuzi mfupi wa hukumu mpya na kuuweka kwenye intaneti ili mawakili wausome. Sasa viungo vingi vya hukumu nilizozitaja havifunguki, na hukumu moja niliyoichambua kwa kirefu imetenguliwa kwenye rufaa. Viungo nivifanyeje, na uchambuzi ule niufute?

JIBU: Mwalimu, usiufute. Nitaeleza sababu baada ya kumalizana na viungo, ambavyo tiba yake ni nyepesi.

Watafiti wa Harvard walipopima viungo vilivyomo kwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, takriban nusu havikumfikisha tena msomaji kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Kwa hiyo hukumu itambulishwe kwa majina ya wadaawa, namba ya rejea iliyotolewa na mahakama yenyewe, na namba ya aya. Uingereza ina mfumo huo tangu 2001: [2017] UKSC 5 ni hukumu ya tano ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2017, ile ya Miller kuhusu kujitoa Umoja wa Ulaya. Tovuti ikihama, wakili mwenye namba hiyo ataipata hukumu kwingineko. Kiungo kiweke pia, lakini siku hiyohiyo hifadhi nakala ya ukurasa kwenye huduma kama Perma.cc, iliyoanzishwa 2013 na maktaba ya sheria ya Harvard kwa tatizo hilihili.

Sasa rufaa. Uchambuzi wa kitaalamu ukishasomwa na mawakili, kuna watu wanaoutegemea. Huenda mmoja ameutaja kwenye hoja zake za maandishi, au mwanafunzi kwenye tasnifu. Ukiufuta, rejea yao inabaki bila kitu nyuma yake. Kubadilisha maneno kimyakimya ni vibaya zaidi, kwa sababu aliyekunukuu kwa uaminifu ataonekana amekuzulia.

Acha maandishi ya awali yalivyo, kisha weka ilani juu ya aya ya kwanza, si chini ambako msomaji mwenye haraka hafiki. Ilani iwe na tarehe, jina la mahakama ya rufaa, namba ya rejea ya hukumu mpya, na maelezo ya kilichotenguliwa hasa. Hayo maelezo ndiyo yanayohitaji msomi, na ningependa uyape muda. Neno “imetenguliwa” peke yake halimsaidii wakili. Rufaa inaweza kukubaliwa kwa sababu ya ukokotoaji wa kodi tu, huku tafsiri ya nani ni mkazi kwa ajili ya kodi ikithibitishwa. Tafsiri hiyo sasa ina uzito mkubwa kuliko mwanzo. Au mahakama ya rufaa iseme mahakama ya chini haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri, isiguse kabisa suala la kodi. Hapo hukumu ya awali haifungi tena mahakama yoyote, ingawa mantiki yake bado yaweza kumshawishi jaji mwingine. Wakili anayejiandaa kwa shauri la kesho anatafuta tofauti hiyo, na ni wachache wanaomwandikia.

Ukiwa na maoni mapya marefu, yaandikie uchambuzi wake wenye tarehe yake, kisha uunganishe huu na ule wa zamani pande zote mbili.

Anza na ilani leo. Viungo vinaweza kusubiri wiki ijayo.