Jirani wa shemeji analipwa asilime: hesabu yake ikoje?

SWALI: Shemeji yangu yuko Kansas, Marekani. Anasema mzee jirani yao ana ekari 300 zimejaa nyasi tu, halimi, na serikali inamlipa dola 40 kwa ekari kila mwaka. Nimeona pia jedwali la kaunti yao: fedha za serikali za kuhifadhi ardhi zilipanda ghafla mwaka mmoja, uliofuata zikashuka. Je, hizi ni hela za bure? Na mimi mwenye ekari 6 Mkuranga naweza kupata kitu kama hicho? – Msomaji, Tabata

JIBU: Shemeji hajakudanganya, ila hiyo "bure" iondoe. Hiyo ni kodi ya pango. Serikali imemkodi mzee shamba lake kupitia mpango uitwao CRP, uliozaliwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, ili udongo unaomomonyoka upumzike chini ya nyasi au miti. Mkataba ni wa miaka 10 hadi 15. Kiwango hufuata rutuba na bei ya kukodi mashamba kaunti ile, ndiyo maana ekari ya Kansas kwenye ukame hailingani na ekari ya Iowa kwenye mahindi.

Tupige hesabu. 300 mara 40 ni dola 12,000, na huanza kulipwa Oktoba. Humo humo atoe kodi ya mapato, kodi ya ardhi na gharama za kupambana na magugu. Kuotesha zile nyasi, serikali huchangia hadi nusu. Nusu iliyobaki inatoka mfukoni mwake. Na nyasi zenyewe hawezi kuingizia ng'ombe anavyojisikia, mpaka apate ruhusa, kwa mfano ukame ukizidi. Akivunja mkataba mwaka wa saba, anarudisha kodi zote alizopokea tangu mwaka wa kwanza, pamoja na riba na faini. Sisi tuliozoea kukodishana mashamba kwa mdomo, hapo wengi tungenasa.

Sasa jedwali. Kodi ya CRP haiyumbi sana mwaka hadi mwaka. Kinachoruka mara nyingi ni mpango mwingine, EQIP: mkulima anajenga kwanza uzio au anabadili mfumo wa umwagiliaji, kazi inakaguliwa, ndipo anarudishiwa sehemu ya gharama. Wakulima 20 wakimaliza pamoja, kaunti inaonekana imeneemeka. Mwaka unaofuata kimya. Na usimhukumu mtu kwa jina lililoandikwa kwenye orodha ya wanaolipwa, maana mpokeaji anaweza kuwa mwenye ardhi anayeishi mjini, jembe halijui.

Mkuranga hakuna pango la namna hiyo. Ruzuku zetu, kama za mbolea na salfa ya korosho, zinamfuata anayelima, si anayepumzisha shamba. Kilichokaribia ni mradi wa mashirika ya CARE na WWF kule Kibungo Juu, milima ya Uluguru: wakulima walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti, na miongoni mwa wachangiaji walikuwa DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar, na Coca-Cola. Sababu ni Ruvu, mto unaoshuka kutoka milima hiyo na kutunywesha Dar. Ukipita Ruvu Darajani baada ya mvua kubwa ukauona una rangi ya chai ya maziwa, ule ni udongo wa shamba la mtu.

Kama una mikorosho, nenda kwa ofisa ugani wa kata ujiandikishe upate salfa. Kama shamba lina mteremko, panda mistari ya mabingobingo kuukingama. Hiyo utagharamia mwenyewe.