Kumpumzisha nahodha mkongwe na kumwanzisha kijana

Ndugu kocha wa Uyole, jijini Mbeya, umeuliza iwapo umpumzishe nahodha wako mwenye miaka 36, ambaye kasi yake imepungua, ili kiungo wa miaka 19 aanze. Kwa maoni yangu, mwanzishe kijana, lakini zungumza kwanza na mkongwe faraghani kabla ya kutangaza kikosi, kwa maana mchezaji aliyeitumikia timu miaka mingi akizipata habari hizo kijiweni Mwanjelwa, kinyongo chake kitawagawa wenzake. Katika besiboli ya Marekani, mwezi Juni 1925, New York Yankees walimwanzisha Lou Gehrig, akiwa na miaka 21, mahali pa Wally Pipp mwenye miaka 32, na kijana huyo akafikisha mechi 2,130 mfululizo kufikia 1939. Si kila kijana ni Gehrig, bila shaka. Nahodha wako bado anafaa kuingia kuanzia dakika ya 60, hasa dhidi ya timu zinazopanda kutoka Kyela, ambazo hewa nyepesi ya huku juu huzichosha mapema. Kitambaa cha unahodha akivae kila aingiapo, angalau hadi msimu uishe.