Chupa Zenye Mashavu: Kuchora Uchafuzi Kisurealisti

Dunia inayotoa machozi, mti wenye uso wa mtu, kiganja kilichobeba mche: hayo ni mabango. Mtazamaji ameyaelewa kabla hajasimama, kwa hiyo hasimami. Picha ya kisurealisti, yaani inayochanganya ya kawaida na ya ndotoni, inauma pale ambapo kila kitu ni cha kawaida isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kimechorwa kwa uangalifu uleule wa vingine.

Chukua soko la samaki. Chora beseni, mizani, khanga ya mnunuzi, hata nzi. Mahali pa samaki weka chupa za plastiki zenye mashavu, mnunuzi akifunua shavu la chupa moja kwa kidole aone kama ni mbichi. Ishia hapo. Ukiongeza mtumbwi unaopaa na saa inayoyeyuka, hoja imekufa. Na jina lisiwe "Okoa Bahari". "Fungu Elfu Tano" linatosha.

Kinachoharibu picha nyingi za namna hii ni mwanga. Beseni limeangazwa kutoka kushoto, chupa imenakiliwa kutoka picha ya simu yenye mwanga wa juu, na jicho linakataa mara moja. Weka chupa halisi ndani ya beseni halisi karibu na dirisha, uchore zikiwa pamoja, vivuli vyote vielekee upande mmoja.

Kwa mandhari iliyoharibika kuna njia nyingine. Mchoraji Max Ernst alianza picha yake ya magofu, Europe After the Rain II, nchini Ufaransa mwaka 1940, wakati wa vita, akaimaliza Marekani mwaka 1942. Yale magofu yanayofanana na nyama na matumbawe hayakuanza kwa brashi. Aliyapata kwa kukandamiza rangi mbichi, njia inayoitwa dekalkomania.

Tumia hadibodi laini iliyopakwa jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara 3, kila mkono upigwe msasa laini ukikauka. Legeza rangi ya mafuta kwa tapentaini hadi iwe kama mtindi mwepesi. Rangi 2 au 3 tu. Zikizidi utapata tope. Ipake kwenye hadibodi, lazia juu yake kioo au plastiki ngumu, kandamiza kwa kiganja, kisha inua polepole kuanzia ukingo mmoja. Hewa inayopenya ndiyo inayochora yale matawi, hivyo ukibandua kwa mkupuo unabaki na madoa, na plastiki ikiteleza unapata michirizi. Ukitumia akriliki badala ya rangi ya mafuta, kwenye joto la Pwani hukauka ndani ya dakika chache: fanya kipande kisichozidi ukubwa wa daftari kwa wakati mmoja.

Acha wiki moja au zaidi, mpaka rangi isishike kidole. Ndipo upake anga, ukifunika mabaki na kuacha maumbo unayoyataka. Wengi huogopa hatua hii kwa sababu kila pembe inavutia. Funika hata theluthi mbili. Rangi ya anga iwe na mafuta mengi kuliko ya chini, la sivyo ya juu itatangulia kukauka na kupasuka. Vanishi ya mwisho isubiri miezi 6.