Maswali ya Wasomaji: Ahadi ya nishati safi ikishatolewa bungeni, nani huifuatilia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama lishe hapa Mikindani. Gesi inachimbwa Msimbati, mkoa huu huu wetu, lakini nikienda kununua mtungi naambiwa bei inategemea meli, kwa hiyo wiki nyingine narudi kwenye gunia la mkaa. Kila mwaka nasikia Serikali ikiahidi nishati safi ya kupikia. Je, mbunge wetu anaweza kuuliza nini mpaka apate jibu zaidi ya "Serikali inaendelea na jitihada"?

JIBU: Dada yetu, mwenye duka hakukudanganya. Gesi ya Msimbati, inayosafishwa Madimba, kwa sehemu kubwa kabisa ni methani, ambayo husafirishwa kwa bomba. Iliyomo kwenye mtungi wako ni propani na butani, nayo nchi huiagiza kutoka nje. Ndiyo maana kisima kinaweza kuwa jirani na jiko lisipate kitu, mpaka bomba la mtaani lifike, kama lilivyofika kwenye baadhi ya nyumba za Mtwara mjini. Tumeanza na hilo kwa sababu swali linalochanganya gesi hizi mbili humpa Waziri mwanya wa kujibu ile anayoitaka.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi, na likishajibiwa muulizaji hupata maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo nafasi hupotea: mbunge hushukuru kwa majibu mazuri, kisha huomba mradi mwingine kwenye kata nyingine. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mbunge wako aulize: katika hiyo asilimia 80, Mtwara imepangiwa kiasi gani, wangapi watapikia mtungi, wangapi bomba, wangapi umeme, na katika fedha zilizoidhinishwa mwaka huu ni ngapi zilizokwisha kutoka Hazina? Swali la namna hiyo likijibiwa kwa "jitihada", kila mtu ataona kwamba halikujibiwa, na Taarifa Rasmi za Bunge zitalihifadhi hivyo hivyo.

Penye meno zaidi ni bajeti ya Wizara ya Nishati, ile ile ambayo siku iliposomwa Mei 2013, wakati huo ikiwa Wizara ya Nishati na Madini, mji wa Mtwara uliwaka kwa vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Waziri akishamaliza hotuba, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini husoma maoni yake. Baadaye, Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Shilingi hiyo hainunui hata pipi, lakini humlazimisha Waziri kusimama na kujibu jambo moja tu mbele ya wote. Kwa bahati mbaya mara nyingi hurudishwa baada ya ahadi mpya, na mwaka unaofuata tunaanza upya. Kuikataa bajeti yote ni jambo zito zaidi, kwa kuwa Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likifanya hivyo.

Nguvu ipo, na nishati ndiyo sekta ilikoonekana: Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, na mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali iliivalia njuga akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza fedha za mgogoro wa TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL, ikiwa na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) mkononi. Zote mbili zilihusu mikataba na fedha. Kamati teule ya moshi wa jikoni sisi hatuikumbuki.

Kwa hiyo usingoje hotuba isomwe. Mkutano wa bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo fikisha barua kwenye ofisi ya mbunge, ukiandika bei uliyolipa kwa kila mtungi na kila gunia la mkaa tangu Januari, pamoja na tarehe, na umwombe akuonyeshe swali alilolipeleka.