Kabla hujamwambia mwanafunzi afungue kinywa

Ukipangiwa halmashauri kama daktari au tabibu wa meno, haupiti muda utasikia: wiki ijayo tunakwenda shule ya msingi kupima watoto. Mara nyingi ni Machi, kuelekea tarehe 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Wageni kazini hukimbilia kuhesabu glovu. Wewe anza na karatasi.

Tanzania Bara haina sheria inayosimama peke yake kwa jina la upimaji wa meno shuleni, kwa hiyo unaunganisha vipande. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, inatanguliza maslahi yake na inampa haki ya kutoa maoni. Sheria ya 2016 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na kada shirikishi inakutaka uwe umesajiliwa. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: taarifa za afya na taarifa za watoto zote ni taarifa nyeti. Karatasi yako ya kupimia imebeba vyote viwili.

Barua ya kuomba kuingia shuleni ipite kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na afisa elimu, nakala kwa mwalimu mkuu. Hilo ni jepesi. Kosa ni kudhani mwalimu mkuu akishakubali, basi wazazi nao wamekubali. Yeye anafungua geti la shule tu. Kinywa ni cha mtoto, na anayemsemea ni mzazi au mlezi.

Kazi yote imelala kwenye fomu ya ridhaa. Iandike kwa Kiswahili cha nyumbani: “Mwanao ataangaliwa meno kwa kioo na tochi. Hatachomwa sindano wala kung'olewa jino.” Weka visanduku mbalimbali: kuangaliwa, kupakwa floraidi, kupigwa picha. Saini moja inayobeba kila kitu itakuangusha siku mzazi atakapokuja juu. Mstari wa “kama huna pingamizi usirudishe fomu” ufute kabisa, maana ukimya si ridhaa ya maandishi. Bibi anayelea mjukuu ni mlezi, anaweza kusaini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Fomu ziende nyumbani siku 5 hadi 7 kabla. Ukizituma mapema sana zitapotelea kwenye mabegi.

Asiye na fomu hapimwi. Ila asiachwe peke yake nje akitazamwa kama mkosaji: somo la kupiga mswaki halihitaji saini, akae na wenzake. Na aliyesainiwa akibana meno, mwache. Andika “amekataa”, ita anayefuata.

Jambo linaloharibu kazi hizi kuliko jingine ni koleo kwenye begi. Timu inaona gego bovu, ganzi ipo, na mtu anasema tumalizie hapahapa. Ruhusa ya kuangalia si ruhusa ya kung'oa. Darasani hujui kama mtoto ana tatizo la damu kuganda, na akitokwa damu saa 2 usiku wewe hupo. Koleo libaki kituoni.

Upimaji wenyewe uende hivi: kioo kimoja, mtoto mmoja. Ukiwa na vioo 40 vilivyochemshwa kwa mvuke, unapima watoto 40, siyo 41. Kiti kielekee dirishani. Usichokoe vishimo vya magego kwa kifaa chenye ncha kali, unaweza kuvunja jino lililokuwa linaanza kulainika tu. Foleni iwe mbali, na umtajie mwandishi wako namba, siyo maneno: “46, tundu” inatosha (46 ni namba ya gego la kwanza la ukubwani, chini kulia), badala ya “huyu kaoza”. Chonge za utotoni zikikosekana kwa mtoto mdogo, huenda aling'olewa “meno ya plastiki” akiwa mchanga; andika halipo, usimgombeze. Kule Arusha, Manyara na Kilimanjaro tenga safu ya madoa ya kahawia yanayotokana na floraidi nyingi kwenye maji. Wapya huyaandika kama kuoza, na takwimu za wilaya nzima zinapinda.

Uso uliovimba wenye homa, au mtoto asiyeweza kumeza, haungoji fomu wala kengele ya saa 8: apelekwe hospitali siku hiyohiyo huku mzazi akipigiwa simu njiani. Ukiona majeraha ya kinywani yasiyolingana na maelezo, usimhoji mtoto mbele ya darasa. Mpigie afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii atoe taarifa haki za mtoto zinapovunjwa, na wewe ni mwanajamii kabla ya kuwa mtumishi.

Kila aliyepimwa apewe barua iliyofungwa, hata mwenye meno mazima. Ukiwapa wagonjwa peke yao, darasa zima litajua kufikia mapumziko. Barua iseme jino lipi, aende kituo gani na lini, na iwe na kipande cha chini cha kituo kurudisha. Bila hicho kipande huna namna ya kujua nani alitibiwa.

Mfadhili wa dawa ya meno akiomba namba za simu za wazazi, jibu ni hapana. Hawakuzitoa kwa ajili hiyo. Ukitaka kuchapisha matokeo kama utafiti, kibali cha maadili, cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa mfano, kinatangulia mtoto wa kwanza. Fomu zikae kwenye kabati la kufuli kituoni, siyo ofisi ya walimu. Na orodha ya majina usiipige picha “ili mwalimu wa afya awe nayo”: jioni utaikuta kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu, na hakuna wa kuirudisha.