Gari linachemsha mlimani, likikimbia linapoa: anza na klachi ya feni

Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ inapanda mlima Kitonga, Iringa, nyuma ya malori, gia ya pili, AC imewashwa, na sindano ya joto inaanza kuhama katikati. Ikimaliza mlima na kushika mwendo kuelekea Ilula, sindano inarudi mahali pake. Kwa mwendo wa pole, hewa ya kupoza rejeta inavutwa na feni. Kwa kilomita 80 kwa saa, hewa inaingia yenyewe kwa kasi ya gari. Kwa hiyo gari linalochemsha likitambaa na kupoa likikimbia, mshukiwa wa kwanza ni feni. Likifanya kinyume, yaani linatulia kwenye foleni za mjini na kupandisha joto barabara kuu, angalia rejeta iliyoziba ndani au iliyojaa matope na majani kwa nje, kisha wota pampu.

Dalili nyingine ya feni ni AC: inapuliza hewa ya uvuguvugu gari likisimama, kisha inarudisha baridi likianza kutembea. Usipuuze hiyo, maana mara nyingi hutangulia. Sindano za Toyota nyingi zimetengenezwa kukaa katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, hivyo ukiiona imepanda, ujue maji yameshapata moto mkali.

Feni ya 1HZ haikufungwa moja kwa moja kwenye wota pampu. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Usoni mwake, upande wa rejeta, kuna springi bapa iliyoviringwa kama konokono. Hewa ya moto kutoka kwenye rejeta ikiigusa, inajipinda na kufungua valvu ndogo, silikoni inaingia kati ya sahani mbili zenye mifereji, na feni inaburutwa kwa nguvu. Hewa ikipoa, valvu inafunga, silikoni inarudi kwenye chumba chake na feni inalegea. Silikoni ikipungua kwa kuvuja, au ikichoka kwa miaka, feni inaendelea kuzunguka na kukudanganya kwamba ni nzima, ila haivuti hewa ya kutosha.

Kupima hakuhitaji mashine. Anza asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha. Iwashe na usikilize: klachi nzima huvuma kwa muda mfupi, kisha inatulia, kwa sababu usiku silikoni imeteremkia kwenye sahani na inachukua muda kurudishwa. Ukimya kamili tangu sekunde ya kwanza, siku baada ya siku, ni dalili ya silikoni iliyopungua.

Zima injini. Ikiwa imepoa, sukuma pangaboi la feni kwa mkono. Linapaswa kwenda kwa uzito, kama kijiko kwenye asali, na kusimama karibu mara moja. Likizunguka raundi tatu au nne lenyewe, klachi imekwisha. Litikise pia mbele na nyuma: mchezo ukiusikia, beringi ya klachi au ya wota pampu imeliwa, na hapo kuongeza silikoni hakutasaidia. Angalia kama kuna mstari wa mafuta yaliyoshika vumbi kuzunguka ile springi.

Kipimo cha mwisho ni cha moto. Ziba sehemu ya mbele ya rejeta kwa kipande cha boksi, shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, na mtu mwingine asitoe macho kwenye sindano. Feni nzima itabadilisha sauti, ivume kama lori linalopita. Sindano ikianza kupanda na mvumo haujaja, toa boksi na usiendelee. Kile kipimo cha kusimamisha feni kwa gazeti lililokunjwa injini ikiwa inawaka, tunaomba kiachwe. Pangaboi likikatika halichagui pa kwenda.

Kufungua klachi, subiri injini ipoe kabisa. Legeza kwanza nati nne zinazoshika klachi kwenye wota pampu, kwa spana ya 12, mikanda ikiwa bado imekaza, kwa sababu mkanda ndio utakaozuia puli isizunguke. Wengi hulegeza mikanda kwanza na kuishia kupigana na puli. Kisha toa bolti za kava la feni, lile linaloizunguka feni nyuma ya rejeta, legeza mikanda, utoe feni na kava kwa pamoja. Weka kipande cha boksi mbele ya mapezi ya rejeta, kwa kuwa pangaboi moja likigonga huko utaanza kazi nyingine. Klachi unayotaka kuirudisha isimamishe wima, kama inavyokaa kwenye gari. Usiilaze, silikoni itaingia kwenye beringi.

Kama unaongeza silikoni, toa feni kwenye klachi, piga alama kwenye nusu mbili za klachi ili zirudi zilivyokuwa, kisha fungua skrubu zilizozunguka ukingo wake. Springi usiiguse. Mafuta ya zamani yaache yachuruzike kwa saa kadhaa, ni mazito mno kuharakishwa. Futa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na ukague oringi ya mpira: iliyokakamaa ndiyo iliyovujisha.

Silikoni ya klachi inauzwa kwa tyubu za ml 18, zenye mnato wa 3,000, 6,000 na 10,000 cSt (namba kubwa ni mafuta mazito zaidi). Kwa gari la kazi kwenye joto, linalobeba mzigo na kupanda milima, chagua 10,000. Anza na tyubu mbili, yaani ml 36, na usivuke tatu. Ukijaza kupita kiasi, feni haitaachia kamwe: itavuma muda wote, itakula dizeli na kupunguza nguvu. Oili ya injini au ya haidroliki haifai kabisa, inakuwa nyepesi ikipata moto wakati ule ule unapohitaji mshiko. Rudisha, kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo.

Wakati wa kurudisha, hakikisha feni haijageuzwa uso, vinginevyo uvutaji wa hewa unaanguka vibaya. Pangaboi lenye ufa halitengenezwi kwa gundi, nunua feni nyingine. Mikanda miwili ya 1HZ ibadilishwe kwa pamoja, kwa sababu mpya ukikaa na wa zamani, mmoja tu ndio unaobeba kazi yote.

Na lile kava, tafadhali lirudi. Magari mengi yanatembea bila kava kwa sababu fundi wa zamani aliona linamsumbua. Bila kava feni inazungusha hewa ile ile ya moto ya kwenye injini badala ya kuvuta ya nje kupitia rejeta. Klachi mpya ya bei kubwa haitaponya hilo.

Kuna njia za mkato mbili zinazoumiza. Ya kwanza ni kutoboa klachi na kuifunga kwa bolti ili feni iende moja kwa moja. Itakutoa porini ufike nyumbani, lakini ukiiacha, beringi ya wota pampu inabeba mzigo muda wote na mapangaboi yanazungushwa kupita kiasi kwenye mizunguko mikubwa. Ya pili ni kung'oa thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto. Kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayofunga njia ya pembeni ya maji, ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na unaweza kuchemsha zaidi.

Wenye feni ya umeme wana kazi fupi: washa AC, na feni isipozunguka kagua fyuzi, badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo, kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Mkivuka mto kwa gari lenye klachi ya feni, pitisheni turubai mbele ya grili na mwende taratibu bila kusimama. Maji mengi yakifika kwenye feni inayovuta kwa nguvu, mapangaboi hujipinda mbele na kuchana rejeta. Feni iliyofungwa kwa bolti ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa haiwezi kuteleza hata kidogo.