Maswali na Majibu: Flamenko Katika Chumba Kidogo

Wasomaji kadhaa wanaojiandaa kusafiri kwenda Andalusia, kusini mwa Uhispania, wameniuliza juu ya flamenko, sanaa ya huko ya kuimba, kupiga gitaa na kucheza. Nimechagua maswali matano.

Nitalala Sevilla usiku mmoja tu, na hoteli inaniuzia tiketi ya flamenko pamoja na chakula cha jioni. Ninunue?

Ikiwa nia yako ni kusikiliza, usinunue. Mahali panapogongana sahani na kupishana wahudumu, mwimbaji hulazimika kutegemea kipaza sauti, ilhali katika chumba cha watu wachache sauti yake, gitaa na visigino vinavyogonga mbao hukufikia vyenyewe, bila mtambo wowote. Tafuta nyumba inayouza onyesho peke yake, ambalo kwa kawaida huchukua muda wa saa moja hivi. Weka nafasi mapema, na kama viti havina namba, wahi ukae mbele, kwa sababu aliye nyuma haoni miguu ya mchezaji, na miguu hiyo ni ala kama gitaa lilivyo ala.

Mimi ni mpenzi wa taarabu. Mwimbaji akinigusa, huinuka nikamtunza, nikapiga na vigelegele. Huko naruhusiwa?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, nami nasikitika kwamba jibu ni hapana. Hakuna desturi ya kumwendea mwimbaji jukwaani na noti mkononi, na anayesimama katikati ya wimbo huwaziba wenzake. Hata makofi yana wenyewe. Mtindo uitwao soleá, kwa mfano, huenda kwa mzunguko wa mapigo 12, mikazo ikiangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12, na wale wanaokaa kando ya mpiga gitaa wakipiga makofi, mara kwa viganja vilivyobonyea ili sauti iwe nzito, mara kwa vidole ili iwe kali, wanaushika mzunguko huo kama mpiga ngoma anavyoshika mwendo. Mgeni akiingiza makofi yake katika chumba chenye viti vichache, husikika mara moja, na huwaharibia.

Hata hivyo hukatazwi kuguswa. Wahispania husema "ole" pale mwimbaji anapomaliza mstari mgumu au mchezaji anapokata hatua ghafla. Wasikilize wenyeji kwanza, nawe utajua mahali pake. Jihadhari na ukimya: mchezaji akisimama kimya, mara nyingi hajamaliza, bali anajiandaa kumwita mpiga gitaa kwa miguu ili waingie sehemu nyingine. Mtazame mpiga gitaa wakati huo, maana macho yake hayatoki kwenye miguu hiyo.

Sijui Kihispania. Nitaambulia nini?

Mengi. Ubeti wa soleá una mistari mitatu au minne mifupi, na silabi moja huweza kuvutwa na kupindwa hivi kwamba hata mwenye lugha huenda asiyakamate maneno yote. Mtindo wa siguiriya hubeba msiba. Alegrías, ambazo asili yake ni Cádiz, hubeba furaha. Ukijua unasikiliza mtindo gani, umeshapata nusu ya maana.

Je, mapango ya Sacromonte kule Granada ni ya kweli, au ni ya watalii tu?

Ni yote mawili. Wagitano, yaani Waroma wa Uhispania, waliishi katika mapango hayo, na zambra, ngoma inayochezwa humo, inahusishwa na sherehe za harusi zao; mafuriko ya mwaka 1963 yaliwahamisha wakazi wengi. Leo wageni hupangwa kwenye viti kando ya kuta zilizopakwa chokaa, huku mchezaji akipita katikati, karibu kiasi cha sketi yake kukugusa magoti. Binafsi ningekwenda kwa ajili ya ukaribu huo, bila kudai nimewatembelea watu nyumbani kwao. Anayetaka kukaa na wenyeji aulizie peña, yaani klabu ya wapenzi wa flamenko. La Platería ya Granada ilianzishwa mwaka 1949.

Lile sanduku analolikalia mpiga ngoma na kulipiga limetoka Afrika?

Limetoka Peru, ambako lilikuzwa na watu wenye asili ya Afrika. Mpiga gitaa Paco de Lucía ndiye aliyeliingiza katika flamenko mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kuhusu picha, ambazo karibu kila msomaji ameziulizia: nyumba nyingi huziruhusu mwishoni tu, na hutangaza wakati wake. Subiri. Mara nyingi hapo ndipo inapochezwa bulería, mtindo wa mwendo wa kasi, ya kuagana, na hata mwimbaji mwenye umri mkubwa huinuka kitini akacheza hatua mbili tatu.